Mnara wa Siloamu na Kuta za Nyumba Zetu

Masomo: Luka 13:1-5, Kumbukumbu la Torati 22:8

Ndugu wapendwa, na hasa ninyi walimu na wainjilisti mtakaosoma maneno haya mbele ya watu vijijini:

Bwana Yesu aliposema na makutano alitaja msiba mmoja uliokuwa ungali midomoni mwa watu wa Yerusalemu. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka, ukaua watu kumi na wanane. Luka mwandishi hatuambii sababu ya kuanguka kwake. Hatujui kama msingi ulikuwa mbovu, ama mawe yalipangwa vibaya, ama nchi ilitetemeka. Wala majina ya wafu hatuyajui, hata moja. Lakini mawazo ya watu waliobaki hai twayajua, kwa kuwa Bwana aliyafunua: walidhani ya kwamba wale kumi na wanane walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa mji. Bwana akalikataa wazo hilo. Kisha akawageukia wale wenyewe waliomsikiliza, akawaonya watubu.

Neno hili nataka tulisome mwezi huu kwa habari ya tetemeko la nchi. Yamo ndani yake mambo mawili, na watu wengi hushika la kwanza wakaliacha la pili. La kwanza ni kwamba tusiwahukumu waliofunikwa na kuta. La pili ni kwamba sisi tuliobaki tunalo la kutubia. Ni lipi hilo? Hapo ndipo nitakapokaa kitambo.

Wengi wenu mwaikumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Yapata saa tisa na nusu alasiri nchi ilitikisika katika Mkoa wa Kagera kwa kipimo cha 5.9. Chanzo chake kilikuwa chini sana ardhini, kilometa 40 hivi, upande wa Nsunga katika Wilaya ya Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Mji wa Bukoba, uliojengwa kando ya Ziwa Viktoria, uliumizwa sana. Kwa muda usiotosha mtu kuisali Sala ya Bwana mpaka mwisho, kuta zilipasuka na nyumba zikalala chini. Hesabu ya Serikali ilionyesha watu 17 waliokufa, na zaidi ya 400 waliojeruhiwa. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka kabisa, na maelfu mengine zilipata nyufa hata wenyewe wakaogopa kuziingia. Shule za Ihungo na Nyakato, walikosomea watu wengi walioitumikia nchi hii, ilibidi zifungwe, na wanafunzi wakapelekwa kwingine. Usiku ule watu wengi walilala nje, migombani na uwanjani, na usiku wa pili vivyo hivyo, maana nchi baada ya kutikisika kwa nguvu haitulii mara moja. Hurudia kidogo kidogo.

Bukoba si mji mgeni kwetu Walutheri. Wamisioni wa Betheli walianza kazi huko mwaka 1910, na kwa watu wa huko alitoka Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni. Waliolala nje usiku ule walikuwa watu wa nyumbani mwetu. Yauma basi kusikia mtu akisema, kama wasemavyo watu kila baada ya msiba, ya kwamba mji ule umepatilizwa kwa maovu yake. Mtu huyo na atuonyeshe dhambi iliyoko Bukoba isiyokuwako Mpanda. Je, mizani ya sokoni kwetu ni sawa yote? Je, vilabu vya pombe vyetu ni vitupu siku ya Jumapili? Ikiwa Mungu huangusha kuta kwa kipimo cha maovu, sijui ni ukuta gani ungalisimama mpaka leo, hata ule wa nyumba ya mchungaji.

Kosa hili ni la kale, wala si la watu wetu peke yao. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon katika nchi ya Ureno ulitikiswa asubuhi, watu wakiwa wamejaa makanisani. Mawe ya makanisa yakawaangukia. Moto ukawaka mjini. Kisha bahari ikapanda juu ya nchi kavu, ikawachukua wengi waliokimbilia ukingoni mwa maji. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Ona basi: walioangamia makanisani walikuwa ndio wale waliokwenda kusali. Hata hivyo padre mmoja mashuhuri, jina lake Malagrida, alitoa kitabu kidogo mwaka 1756, akisema ya kwamba sababu ya yote ni dhambi za watu wa mji, wala mtu asitafute sababu nyingine katika nchi yenyewe. Waziri mkuu wa mfalme, ajulikanaye kwa jina la Pombal, akamfukuza mjini. Simsifu waziri huyo katika yote. Alikuwa mtu mkali hata kumwaga damu, na padre yule mwishowe aliuawa mwaka 1761. Lakini yako mambo mawili yaliyofanyika katika siku zake ambayo yatufaa sisi wa leo. Nyumba mpya za Lisbon zilijengwa kwa kiunzi cha miti ndani ya kuta, miti iliyokingamana na kufungamanishwa kama tenga, ili ukuta ukitikiswa uyumbe pamoja bila kumwagika. Tena maswali yalipelekwa kwa makasisi wa sharika zote za nchi: tetemeko lilidumu kwa muda gani, nyumba ngapi zilianguka, watu wangapi walikufa, ni nini kilichoonekana baharini na katika chemchemi. Makasisi wakajibu, na karatasi zao wataalamu wazisoma hata leo. Maswali hayo nitayarudia kabla sijaweka kalamu chini.

Sasa mtu atauliza, haya ya Bukoba na Lisbon yatuhusu nini sisi tukaao Mpanda, Karema, Inyonga na Usevya? Jibu liko chini ya miguu yetu.

Mungu aliiumba nchi hii ya magharibi kwa namna ya pekee. Upande mmoja tuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina katika maziwa yote ya dunia. Upande wa pili tuna bonde la Rukwa, pamoja na mbuga za Katavi, na kingo zake zimesimama kama ukuta. Atokaye Ufipa kushuka Lyamba lya Mfipa ajua nisemalo. Mabonde haya hayakuchimbwa na mito. Ni nchi yenyewe iliyopasuka na kuzama. Upande wa mashariki wa Afrika wajitenga polepole na upande wa magharibi, milimita chache tu kwa mwaka, ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona. Lakini miamba haiteleziki kwa ulaini. Hushikana, ikavumilia miaka mingi, huku nguvu ikijikusanya ndani yake. Twaa fito kavu, uipinde kwa mikono miwili: mwanzo yapinda tu, wala husikii kitu, ghafula yavunjika, na viganja vyako vyasikia mtikisiko hata kwenye mifupa. Ndivyo ilivyo miamba. Inapoachiliana, mtikisiko wake hupita katika nchi yote, nasi twauita tetemeko. Maji ya moto yatokayo ardhini katika kijiji cha Maji Moto kule Mpimbwe ni dalili ya mpasuko uo huo, kwa kuwa maji huingia chini katika nyufa na kurudi juu yakiwa yamepata joto la ndani.

Wazee wetu waliliona jambo hili kwa macho. Tarehe 13 Desemba 1910, siku za utawala wa Wadachi, nchi ya Rukwa ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa katika Afrika yote kwa karne ile nzima. Wataalamu waliochunguza mpasuko wa Kanda, ulioko juu ya Ufipa karibu na Sumbawanga, wadhani ya kwamba huenda ndio uliosogea siku ile. Baada ya hapo nchi haikulala. Tarehe 2 Oktoba 2000 Ziwa Tanganyika lilitikiswa kwa kipimo cha 6.4, na tarehe 5 Desemba 2005 kwa kipimo cha 6.8. Katika hilo la mwisho nyumba zilibomoka na watu wakafa mjini Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Nasi tuko ng'ambo hii.

Hapa nawaomba mtulie kidogo, maana hapa ndipo penye fundisho. Kipimo cha tetemeko hakipandi kama bei ya mahindi. Kila hatua moja yazidisha nguvu karibu mara 32. Tetemeko la Rukwa la 1910 lilitoa nguvu zaidi ya mara mia moja ya ile iliyotikisa Bukoba. Hata hivyo, katika historia ya matetemeko hilo la 1910 halitajwi kwa wingi wa wafu wake, bali kwa ukubwa wake. Kwa nini? Nchi ile ilikuwa na watu wachache, na wengi wao walikaa katika nyumba za miti, fito na majani, zilizofungwa kwa kamba za magome. Nyumba kama hiyo ikitikiswa hulia, huyumba, pengine hulala upande. Lakini majani yakimwangukia mtu hutoka chini yake akijikung'uta. Kile ambacho Wareno walikijenga baada ya kuzika maelfu, babu zetu walikuwa nacho msituni bila kuambiwa. Sisemi turudi huko. Mchwa hula miti, moto hula majani, na mama mwenye watoto saba anayo haki ya kutaka nyumba isiyovuja. Nasema tu ya kwamba tulipoiacha nyumba ya fito na kushika nyumba ya tofali tulipata kitu kizuri na kizito, wala wengi wetu hatukujifunza jinsi ya kukifunga.

Maana tetemeko la nchi lenyewe haliui watu wengi. Mtu aliyesimama katikati ya shamba huanguka, akaamka. Auaye ni ukuta.

Angalieni Mpanda ya leo. Mwaka 1910 haukuwako mji hapo. Ulikua kwa madini ya risasi na kwa reli itokayo Kaliua. Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012 hesabu ya watu ilikuwa 564,604. Hesabu ya mwaka 2022 ilipita 1,150,000. Idadi imeongezeka mara mbili kwa miaka kumi. Hao wote wataka nyumba, na kila kiangazi matanuru ya tofali hufuka moshi kutoka Mpanda hata Majimoto. (Miti inayoteketezwa humo ni habari nyingine, nayo yastahili mahubiri yake.) Tofali zile nyingi huunganishwa kwa udongo mtupu, kwa kuwa saruji ni ghali. Ukuta wa namna hiyo huchukua mzigo wa bati miaka mingi bila kulalamika. Lakini ukisukumwa kutoka ubavuni, hauna kitu cha kuushika. Kona huachana. Sehemu ya juu ya ukuta, ile yenye pembe tatu chini ya paa, huanguka kwanza, tena mara nyingi huanguka mbele ya mlango, mahali pale pale watu wanapokimbilia.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, aya ya 8. Watu wa Israeli walijenga nyumba zenye dari tambarare, wakakaa juu yake jioni. Mungu akaamuru ya kwamba mtu ajengapo nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, asije akaleta hatia ya damu nyumbani mwake kwa mtu kuanguka kutoka juu. Mara nyingi twaipita aya hii haraka, tukidhani ni sheria ya mafundi. Lakini ona jinsi Mungu anavyonena. Haulizi kama mtu aliyeanguka alikuwa mwenye dhambi. Haulizi kama alikuwa mlevi, au mgeni asiyejua njia ya kushuka. Amwuliza mwenye nyumba kuhusu ukingo. Damu yaitwa damu, na hatia yaitwa hatia, ijapokuwa mwenye nyumba hakuinua mkono juu ya mtu yeyote, bali aliokoa mawe machache tu katika kujenga.

Nasi tuliofundishwa Katekisimo Ndogo twajua ya kwamba amri ya tano haikomi kwa yule anayeshika panga. Dakta Martin Luther alitufundisha ya kwamba yatupasa pia kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Basi asemaye ya kwamba ameishika amri ya tano kwa kuwa hajaua mtu, naye amejengea watoto wa wenzake darasa la tofali na udongo lisilo na mkanda wa zege, amesoma nusu ya amri.

Hapa twarudi kwa toba ambayo Bwana aliitaka Siloamu. Tukisikia neno toba twafikiri habari ya machozi na magoti. Ni vema. Lakini katika Injili iyo hiyo ya Luka, mlango wa tatu, watu walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini, naye alimjibu kila mtu kwa kazi yake. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze kupita kiwango. Askari aliwaambia wasidhulumu watu, watosheke na mshahara wao. Mwenye kanzu mbili alimwambia amgawie asiyekuwa nayo. Hakumpa mtu yeyote toba ya kazi ya mwenzake. Kama fundi mwashi angalikuwako kando ya Yordani siku ile, naye akauliza, nadhani angaliambiwa asipunguze saruji. Na mwekahazina wa kamati ya ujenzi angaliambiwa ya kwamba mifuko iliyolipiwa Mpanda mjini ifike kijijini yote, pasipo mmoja kupotelea njiani. Na mzee wa kijiji angaliambiwa asichague fundi kwa urahisi wa bei peke yake, wala kwa sababu ni mwana wa shemeji yake.

Msinidhanie ya kwamba nanena na wengine tu. Kanisa lenyewe lina sehemu yake, tena kubwa. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 nchi ilitikisika kando ya Ziwa Kivu, upande wa Bukavu katika Kongo na upande wa Rwanda. Zaidi ya watu 30 walikufa katika nchi hizo mbili. Katika wilaya ya Rusizi, Rwanda, kanisa liliporomoka juu ya watu waliokuwamo katika ibada, na wengine wao wakafa humo humo. Nawaza sana habari hii nionapo makanisa yetu. Nyumba ya Mungu mara nyingi ndiyo nyumba kubwa kuliko zote kijijini: ukuta wake ni mrefu, madirisha yake ni mapana, ndani hakuna ukuta wa kukata katikati, na ndiyo inayokusanya watu wengi kwa saa moja. Kila neno katika hayo humpendeza aingiaye, na kila neno katika hayo ni udhaifu siku ya kutikisika. Tena tuna tabia moja ambayo sioni haya kuitaja. Changizo likifanyika, watu hutoa kwa furaha kwa ajili ya kengele, kwa ajili ya mnara, kwa ajili ya vioo vya rangi. Ukiwaambia ya kwamba fedha ya mwezi huu ni ya nondo zitakazofunikwa na zege, zisionekane tena na mtu yeyote mpaka siku ya mwisho, mkono huingia mfukoni polepole. Mimi nasema usharika na ukae bila mnara miaka kumi, lakini mkanda wa zege uwepo. Siloamu palikuwa na mnara.

Mkanda huo, ambao mafundi wetu huuita lenta, wazunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, pasipo kukatika mahali popote, na nondo zake zapinda katika kila kona na kuendelea upande wa pili. Kazi yake ni ile ya kamba ya magome katika nyumba ya babu: hufunga kuta nne zikawa kitu kimoja. Wengine huweka zege juu ya dirisha peke yake, wakaacha sehemu nyingine, wakidhani wameokoa fedha. Hiyo si lenta, ni kipande cha mkanda, na suruali haisimami kwa kipande cha mkanda. Madirisha yasikaribie kona. Ukuta ulio mrefu sana na upewe nguzo katikati. Pembe ile ya juu chini ya paa yafaa kujengwa kwa mbao na bati badala ya tofali, nayo ni rahisi zaidi kwa bei. Asiye na fedha za haya yote, na aanze kwa kona, na chumba wanacholala watoto.

Siku yenyewe hatuijui. Wenye elimu waweza kuonyesha mahali ambapo miamba inajikaza, lakini hakuna awezaye kutaja tarehe wala saa. Kwa hiyo msiwaamini wale wanaotuma habari kwa simu ya kwamba tetemeko litarudi usiku wa leo saa nane. Habari za namna hiyo huwatoa wagonjwa vitandani bure. Watoto wafundishwe ya kwamba nchi ikitikisika, aliye karibu na mlango atoke aende uwanjani, mbali na kuta. Aliye ndani sana aingie chini ya meza imara, ajikinge kichwa. Na mtu akitoka, asirudi ndani kuchukua kitu, hata kama ni Biblia yake au fedha za mahari.

Niseme pia habari ya siku zinazofuata, kwa kuwa majirani hulia pamoja wiki ya kwanza, halafu kila mtu hurudi shambani kwake. Baada ya tetemeko la Kagera misaada ilitoka pande nyingi za nchi. Mwanzo wa Januari 2017 Rais Magufuli alifika huko, akaeleza ya kwamba Serikali itatengeneza mali ya wote, kama shule na hospitali na barabara, lakini haiwezi kumjengea kila mtu nyumba yake. Watu wengi walisikia uchungu. Sitaki kuingia katika hukumu ya jambo hilo. Nataka kuuliza tu: ikiwa kijana mwenye nguvu hujijengea, na Serikali hujenga shule, nani ajengaye nyumba ya mjane asiye na mwana? Yeye hayumo katika hesabu ya kwanza wala ya pili. Tena akijengewa kwa huruma ya haraka, hujengewa kwa tofali zile zile zilizookotwa katika kifusi, kwa udongo ule ule, na ukuta mpya huwa dhaifu kuliko ule ulioanguka. Usharika wenye fungu la diakonia na uamue sasa, kabla ya msiba, ni sehemu gani ya fungu hilo itawekwa kwa ajili ya nyumba kama hiyo. Wakati wa kilio watu hawaamui vizuri. Hushindana tu kwa kutoa blanketi.

Sasa nayarudia maswali yale niliyoahidi. Kila mwalimu wa mtaa katika nchi ya Mpanda na Katavi atwae karatasi, na mwezi huu, kabla mvua za Novemba hazijafunga njia, azunguke na mzee mmoja wa usharika na fundi mmoja. Aandike kanisa limejengwa kwa tofali za namna gani, na zimeunganishwa kwa saruji ama kwa udongo. Aandike kama lenta imezunguka yote, au imekatika, au haipo. Aandike nyufa zilizopo, ziko kona ipi, na kama mkono waweza kuingia. Ahesabu milango, aone kama yafunguka kwa nje, na kama mmoja umezibwa na masanduku au ngoma. Afanye vivyo hivyo kwa darasa la watoto na kwa nyumba za wajane waliomo katika daftari lake. Kisha awaulize wazee wa pwani ya ziwa, Karema na Ikola, kama wakumbuka Desemba 2005, ni nyumba ipi kijijini iliyopasuka na ipi haikupasuka, na ile isiyopasuka ilijengwa na nani. Jina la fundi huyo liandikwe kwa wino. Karatasi moja ipelekwe kwa mchungaji, na ya pili ibaki katika kitabu cha mtaa, mahali panapowekwa majina ya waliobatizwa.